Kombinezo gani kwa vijana wanaozama Ruzizi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu wa Nguba, na kuandikwa hapa karibu vile yalivyotoka mdomoni

Kamati iliniomba niseme juu ya kombinezo za kuzamia, kwa sababu kuna barua mbili mezani zinazongoja jibu, na tukijibu vibaya kuna watoto wetu watakaobeba hayo majibu mgongoni.

Barua ya kwanza inatoka kwa rafiki wa chama kule Ulaya. Amekusanya kombinezo sita za neopreni, zile za kuzama bila kulowa, zilizotumika kidogo. Anazitoa bure, sisi tulipe usafiri na dwani. Barua ya pili inatoka kwa mfadhili mwingine anayetoa pesa. Kwa pesa ile tunaweza kununua kombinezo mpya mbili, labda tatu, kufuatana na aina tutakayochagua. Zote mbili hatuziwezi, maana dwani ya zile sita itakula akiba yetu ya mwaka huu. Na nimeshasikia watu wakisema pale mlangoni: sita ni nyingi kuliko mbili, nini ya kuzungumza tena? Ndiyo. Sita ni nyingi kuliko mbili. Lakini mnivumilie kidogo.

Wengi mnajua kazi niliyofanya huko nilikotoka. Miaka tisa nilikuwa kwenye karakana moja ndogo karibu na Bergen, Norwei, tukitengeneza nguo za wazamiaji wanaokagua nyavu za samaki wa kufugwa baharini. Mimi sikuwa mzamiaji. Nilikuwa mtu wa kole, mkasi na maji ya sabuni. Nguo zilikuja zimepasuka, mimi nikaziziba. Kwa hiyo nitasema juu ya nguo jinsi fundi anavyoijua, yaani mahali inapokufa.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu nguo inachaguliwa na kazi. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi, hapa jirani yetu. Kila kitu kinachoelea na kusukumwa na upepo na maji, kikitoka milima ya Bukavu kwenye mvua, au kikitupwa ufukoni mwa ziwa upande wetu ao upande wa Rwanda, safari yake inaishia kwenye baraji ya Ruzizi I. Baraji ile ni ya mwisho wa miaka ya 1950. Ina mashini nne na nguvu karibu megawati 30, na mkiona stima inakatika siku tatu mfululizo, mara nyingine si vita wala deni: ni chupa za plastiki. Takataka haziko juu tu. Zinashuka, zinashikana, zinajaza hadi mita 14 chini, zikibanana kwenye vyuma vinavyolinda njia ya maji ya mashini. Mashua na mikono vinatoa za juu. Za chini zinatolewa na mtu aliyezama.

Mtu huyo anakuta nini? Chupa, makopo, viatu, matawi, godoro lililooza, nyaya, vioo, misumari iliyo bado kwenye mbao. Na maji yanayobeba choo cha muji mzima. Familia tatu katika chama hiki zina vijana wanaofanya kazi za namna hiyo, za baraji ao za kutafuta vitu na watu walioanguka ziwani. Ninyi wamama mnajua zaidi kuliko mimi: vidonda vinavyokawia kupona, macho mekundu, masikio yanayotoa usaha, kuhara baada ya kazi. Sisemi ni kosa la mtu fulani. Nasema maji yale yanafika kwenye ngozi, na hapo njo shida yetu inaanza.

Sasa swali la kwanza. Watu wa Ulaya walitengeneza kombinezo kavu kwa sababu gani? Baridi. Kule Bergen maji ya mwezi wa pili yako digrii tano, sita. Mtu anakufa humo kwa baridi kabla ya kufa kwa kukosa pumzi. Hapa kwetu maji ya juu ya ziwa yako digrii 23 au 24 mwaka mzima. Ni kweli kwamba maji yanakunyang'anya joto haraka kuliko hewa, na kijana akikaa humo saa mbili atatoka akitetemeka hata Bukavu. Lakini kwa baridi hiyo kombinezo ya kawaida ya kulowa, ile ya milimita tano, ingetosha kabisa. Sisi hatutafuti joto. Tunatafuta ukuta kati ya ngozi na uchafu. Mkishika hilo, mambo mengine yote yanageuka. Maana nguo nyingi zinazosifiwa kwenye maduka ya Ulaya zinasifiwa kwa joto, na sisi sifa hiyo haitusaidii kitu. Pengine inatuumiza.

Neopreni ni nini? Ni mpira wa kutengenezwa uliojaa vipovu vidogo vidogo vya hewa, kama mkate uliochachuka vizuri. Wamarekani waliuvumbua mwaka 1930, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa fizikia kule California, Hugh Bradner, akaona kwamba vile vipovu vinashika joto, akautengenezea nguo ya wazamiaji. Tangu hapo ndiyo nguo ya bahari dunia nzima. Ni laini, inanyooka, inakumbatia mwili, na ni rahisi kuliko nyingine. Mtu akiianguka ndani ya maji bila kitu kingine inamwelesha.

Lakini angalieni tabia zake. Ukishuka, maji yanakamua vile vipovu. Ukifika mita 10 hewa iliyomo ndani yake inabaki chini ya nusu ya ilivyokuwa juu. Nguo inakuwa nyembamba, joto linapungua, na ule uzito wa risasi uliofunga kiunoni ili uweze kuzama, ambao juu ulikuwa sawa, chini unakuwa mzito kupita kiasi. Mzamiaji mzoefu anajua kurekebisha. Kijana wa siku ya kumi hajui.

Tabia ya pili ni mbaya zaidi kwetu. Neopreni imefunikwa kitambaa nje na ndani, na kitambaa kinakunywa. Ukiitoa kwenye maji ya choo, inabaki na choo. Unaiosha leo, kesho bado inanuka. Kukauka kwake ni siku mbili, na kwenye mvua ya Bukavu ya mwezi wa nne sijui ni lini. Kijana ataivaa ikiwa mbichi, na uchafu wa jana utalala kwenye mwili wake wa leo. Nguo iliyotakiwa kuwa ukuta inakuwa sponji.

Tabia ya tatu ni ya fundi. Neopreni ikitobolewa, tundu la nje na tundu la ndani havilingani. Maji yanaingia hapa, yanatembea ndani ya ule mkate, yanatokea kule. Nilikuwa naweza kutafuta tundu moja asubuhi nzima. Kule nilikuwa na taa, meza na mshahara. Hapa nani atafanya?

Kuna neopreni ingine, lazima niiseme kwa haki. Kiwanda kinachukua neopreni nene na kuikamua kwa nguvu kabisa mpaka vile vipovu vinalala. Inakuwa nyembamba, nzito na ngumu kama ngozi ya kiboko. Hiyo haibadiliki sana kwenye kina, na kwa kusuguana na mawe na chuma sijaona inayoishinda. Tena neopreni kwa jumla inavumilia mazuti na mafuta kuliko mpira wa asili. Kama shida yetu ingekuwa misumari peke yake, ningewaambia tununue hiyo na twende nyumbani. Lakini hiyo pia ina kitambaa juu, inakunywa, na bei yake si ya mchezo. Na zile sita za barua, nilivyoona kwenye picha, si za namna hiyo. Ni za kawaida.

Aina ya pili wanaiita trilaminati. Tatu kwa moja: kitambaa cha nailoni nje, mpira mwembamba wa butili katikati, kitambaa cha poliesta ndani. Ni nyembamba kama koti la mvua, na kusema kweli ni koti la mvua. Waskoti walianza kubana mpira kati ya vitambaa viwili mwaka 1823, njo yale makoti ya Macintosh, na miaka kama kumi na kitu baadaye, mu 1837, Siebe kule London akatumia kitambaa cha namna hiyo kutengeneza vazi la mzamiaji mwenye kofia ya shaba, yule mnayemwona kwenye vitabu vya watoto. Kwa hiyo anayewauzia trilaminati kama kitu kipya cha jana, mwambieni babu yake alikuwa nayo.

Trilaminati haishiki joto lenyewe. Unavaa nguo za kawaida ndani, nene kwa baridi, nyepesi kwa maji ya hapa. Kwetu hiyo ni faida: kijana anavaa suruali na fulana ya mikono mirefu, basi. Haibadiliki kwenye kina. Inakauka upesi. Tundu likipatikana linazibwa kwa kiraka na kole kutoka ndani, kazi ya nusu saa na usiku mmoja wa kukauka. Wazamiaji wengi wa kujifurahisha wanaipenda, na wana haki.

Ninachokiogopa ni ule uso wa nje. Ni kitambaa. Si kama neopreni, haunywi sana, lakini nyuzi zinashika matope na mafuta, na ukipiga burashi sana unazilegeza. Tena mishono. Nguo nzima imeshonwa vipande vipande, juu ya mshono wamebandika utepe. Ukitambaa kwenye matawi na vyuma, unakwaruza utepe. Kule Bergen, kwenye trilaminati kumi zilizoletwa, saba ao nane zilivuja kwenye mshono wa goti, wa kwapa ao wa katikati ya miguu. Hesabu hiyo ni ya kichwa changu, si ya kitabu, lakini goti nalikumbuka vizuri.

Aina ya tatu watu wanaiona mbaya kwa macho. Ni kitambaa cha kufuma kilichofunikwa mpira kabisa, kisha nguo nzima inapikwa kwenye tanuri mpaka mishono inayeyuka na kuwa kitu kimoja. Mimi naiita ya mpira wa kupikwa. Inang'aa, nyeusi ao nyekundu, inafanana na mabuti ya mvua. Wasweden wamezitengeneza muda mrefu, jina la Viking mzamiaji wa kazi yoyote analijua. Wanaovaa hiyo si watalii. Ni wale wanaoshuka kwenye matanki, mabandari machafu, mifereji ya choo, na polisi wanaotafuta maiti mitoni. Miongozo ya Wamarekani ya kuzama kwenye maji machafu inaitaja hiyo kwa sababu moja rahisi: uso wake hauna nyuzi. Kijana akitoka majini, mwenzake anampiga maji safi, sabuni na burashi akiwa bado amesimama ndani yake, kisha dawa ya klori iliyochanganywa na maji, kisha maji tena. Uchafu hauna pa kujificha.

Na sasa, kwado. (Hapa watu walicheka, lakini sikuwa natania.) Mpira wa kupikwa ukitoboka unazibwa sawa na mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Unakwaruza kwa msasa, unapaka kole, unangoja, unabandika kiraka, unakandamiza. Kila kona ya Bukavu iko na kwado anayefanya hiyo mara ishirini kwa siku. Tutamfundisha mambo mawili matatu, kole ya namna gani, asitumie moto, na fundi tutakuwa naye hapa Nguba kwa bei ya soda. Neopreni na trilaminati zinahitaji mtu kama mimi, na mimi nitazeeka.

Hata namna ya kutafuta tundu ni ileile. Unaziba mikono kwa chupa mbili, shingo kwa mpira wa watoto wa kuchezea, unafunga zipu, unaijaza hewa mpaka inasimama kama mtu aliyenenepa, kisha unapaka maji ya sabuni. Pale povu linapocheka, weka alama kwa kalamu.

Haikosi ubaya. Ni nzito kuliko trilaminati. Hainyooki kama neopreni, kwa hiyo vipimo vya mwili lazima viwe sawasawa. Kioo kikali kinaikata, na kwa hiyo juu yake nataka vijana wavae ovaroli ya kazi ya kitambaa kigumu, ya mitumba, ya kuharibika badala ya nguo. Mazuti yakikaa juu yake yanavimbisha mpira, basi kuosha si hiari. Na jua! Kusimama pale kando ya baraji saa sita umevaa mpira mweusi mwili mzima ni kujipika. Mtu anavaa dakika ya mwisho, kivulini, anamwagiwa maji, anashuka. Akikawia kungoja amri, avue. Hapo mtaona kwamba kiongozi wa kazi asiyejua kupanga saa ataangusha mtu kwa joto kabla maji hayajamgusa.

Niseme kidogo juu ya shingo na mikono, maana njo mahali maji yanapita hata kama nguo ni ya malaika. Pale kuna pete za lateksi, laini sana, zinabana ngozi. Lateksi inachukia jua, mafuta na kucha ndefu. Ikikaa mwaka mmoja kwenye joto inaanza kunata, kisha inapasuka wakati wa kuvaa, na siku hiyo hakuna kazi. Kuna za silikoni zinazobadilishwa kwa mkono bila kole, ni ghali kidogo, lakini nazitaka hizo, na za akiba mbili kwa kila nguo. Glavu zifungwe kwenye pete za mikono, ziwe kitu kimoja na nguo. Glavu za kulowa zinafuta faida yote: umevaa ukuta halafu umeacha madirisha mawili, na ni mikono njo inayoshika kinyesi. Kofia vilevile, iwe ya mpira na iungane na nguo. Na zipu: ile ya shaba ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye nguo, ikikunjwa mara moja kwa nguvu imekwisha. Ipakwe nta ya nyuki kila baada ya kazi. Nta tunayo, wauza asali wa huku wanaitupa.

Sasa nafika kwenye maneno ambayo kamati haikuniomba, lakini nisipoyasema nitakuwa nimewauzia nguo tu.

Kombinezo hailindi mdomo. Kijana akivaa mpira wa kupikwa halafu akauma kile kijipumulio cha kawaida, maji yaleyale yataingia kati ya midomo. Lazima maski ya uso mzima, ile inayofunika macho, pua na mdomo pamoja. Bei yake ni karibu ile ya nguo ya rahisi. Ukinipa kuchagua kati ya nguo tatu bila maski na nguo mbili pamoja na maski mbili, sihitaji kufikiri.

Kombinezo kavu inafundishwa. Ndani yake kuna hewa. Ukiinamisha kichwa na miguu ikaenda juu, hewa inakimbilia miguuni, mtu anapanda kichwa chini kama puto na hawezi kuifikia vali ya kuitoa. Kupanda haraka hivyo kunapasua mapafu. Hakuna anayevaa hiyo nguo na kwenda kwenye vyuma vya baraji siku ya kwanza. Atajifunza kwanza kwenye maji safi ya ziwa, mita tatu, minne, na mtu ameshika kamba. Wiki kadhaa.

Tena hapa tuko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Zile meza za kuhesabu muda wa kukaa chini na muda wa kupanda zimeandikwa kwa ajili ya bahari. Hewa yetu ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mita 14 za Ruzizi, kwa mahesabu ya damu, ni kama mita 16 na zaidi za Mombasa. Anayetumia meza ya bahari hapa Bukavu anajidanganya kila siku kidogo, na viungo vyake vitamkumbusha akifika miaka arobaini. Meza za milimani zipo. Tuzichape, tuziweke kwenye plastiki, zikae na vifaa.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya hili. Mashini ikiwa inazunguka, maji yanavutwa. Chukueni tundu la sentimita 30 kwa 30 kwenye vyuma vile, mita 10 chini, na nyuma yake maji yametoka. Kila sentimita ya mraba inasukumwa na kilo moja hivi. Tundu lina sentimita za mraba 900. Ni kilo 900 zinazombana mtu pale, sawa na ng'ombe watatu wakubwa. Hakuna mwenzake atakayemng'oa. Hakuna kamba. Mpira wa kupikwa, trilaminati, neopreni ya kukamuliwa, zote ni karatasi. Anayemwokoa mzamiaji ni mtu wa juu aliyezima mashini, akafunga swichi kwa kufuli, na akampa mzamiaji ufunguo aushike yeye mwenyewe ao mwenzake wa kamba. Hivyo njo inavyofanywa duniani, na si jambo la pesa nyingi. Ni kufuli.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa chama si nguo. Tuandike kwamba kifaa chochote cha chama hakitashuka kwenye baraji mahali popote mpaka mzamiaji ameshika ufunguo wa kufuli. Kijana akiambiwa na bosi wake "shuka tu, dakika tano", aseme: nguo si yangu, ni ya chama, na chama kimekataza. Vijana wetu hawawezi kukataa kwa jina lao, wanaogopa kukosa siku ya kazi. Kwa jina la chama wanaweza.

Pendekezo la pili. Kwa pesa ya mfadhili wa barua ya pili tununue kombinezo mbili za mpira wa kupikwa, za vipimo vya katikati na kubwa, pamoja na glavu, kofia na pete za akiba, na maski mbili za uso mzima. Nguo mpya nzuri ni ghali, ya mpira wa kupikwa na vifaa vyake inapanda juu zaidi, kwa hiyo ya tatu tuisahau. Wanashuka wawili tu kwa wakati mmoja hata hivyo, watatu wanabaki juu: mmoja wa kamba, mmoja wa hewa, mmoja wa maji ya kuoshea. Nguo mbili zinazooshwa vizuri na kupokezana zinavalisha vijana sita. Nguo sita za sponji zinawagonjesha sita.

Mama mmoja aliniuliza mbele ya mkutano: je, hatutamuudhi yule rafiki wa barua ya kwanza? Ni swali la haki, mama, maana ametukumbuka miaka mingi na hatujasahau. Mimi naamini mfadhili anaudhika zaidi akikuta nguo alizotoa zinaoza kwenye depo nyuma ya ofisi. Nimeandika rasimu ya barua, katibu anayo. Tunamshukuru, tunamweleza maji yetu yalivyo, na tunamwomba mambo mawili ambayo kweli yatatusaidia. Kwanza, kama anaweza kuziuza zile sita hukohuko, pesa yake inunue maski. Pili, anajua watu wa vyama vya kuzamia: atutafutie mwalimu wa kuja wiki tatu, anayejua kuzama kwenye maji machafu na kwenye milima. Kama anapenda, zile mbili ndogo azitume. Zitafaa kwa mafunzo kwenye maji safi ya ziwa, mbali na midomo ya mifereji. Hapo neopreni ni nguo nzuri tu.

Kijana mmoja akauliza kama anaweza kununua yake mwenyewe ya mitumba sokoni. Nilizoziona huku ni za kulowa, za watalii wa mawimbi, milimita tatu. Kwa kuogelea sawa. Kwa Ruzizi hapana. Akikuta kombinezo kavu ya kweli asinunue kabla hajaivuta shingo kwa vidole: kama lateksi inanata ao ina nyufa ndogo kama uso wa tope lililokauka, bei ishuke nusu. Zipu ikikwama, aiache.

Barua mbili zitapigiwa kura Jumamosi ijayo baada ya hesabu ya mifuko. Wenye vijana wanaozama, tafadhali waleteni na vipimo vyao: urefu, kifua, kiuno, na namba ya kiatu. Kiatu msisahau, maana mabuti yameunganishwa na nguo. Nitaleta kipande cha kila aina, kole, na baiskeli moja iliyotoboka. Kwado wa pale kwenye kona amekubali kuja.